Ukaguzi wa kampuni za bima kwa serikali ya jimbo: kazi yenyewe ikoje?

Mtoto_wa_Ujiji

Salaam kwa wote. Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba. Nafanya kazi kampuni ya bima ya magari, upande wa madai: mtu akigongwa anapiga simu, mimi namfungulia faili. Jioni nilikuwa nasoma uhasibu, na mwezi wa tano nimemaliza shahada, alhamdulillahi.

Wiki iliyopita nimeona tangazo la idara ya bima ya serikali ya jimbo. Wanatafuta mkaguzi wa fedha, ngazi ya kuanzia. Mshahara ni pungufu kidogo ya ninaoupata sasa nikijumlisha na saa za ziada. Tangazo lina maneno mengi, lakini nikilimaliza bado sioni huyu mtu akifika kazini saa mbili asubuhi anashika nini mkononi. Mama yangu yuko Ujiji. Nilipomwambia kaniuliza, "Sasa hiyo serikali inauza bima au inakamata wanaouza?" Nikashindwa kumjibu.

Anayeijua kazi hii kwa ndani anisaidie. Siku yake ikoje? Safari ni nyingi? Nina mke na mtoto wa miaka 2. Na mtu akiingia huko anapanda, au anazeekea kwenye kiti kile kile?

Hesabu_Haziongopi

Kaka, mimi ni mhasibu, niko Texas. Ushauri wangu: baki ulipo. Kampuni binafsi ukijituma miaka mitatu unaonekana. Serikalini kupanda kunasubiri nafasi iwe wazi. Halafu fikiria na hili: leo unaikagua kampuni, kesho unaomba kazi kwao, watakukumbuka kwa uliyoyaandika. Mtoto bado mdogo, angalia mfuko kwanza.

Mama_Mwanaidi

Mwanangu wa Ujiji, nimelisoma swali lako nikiwa hotelini, maili 180 kutoka nyumbani, wiki ya tatu ya ukaguzi. Basi nianze na safari. Zamani zilikuwa nyingi mno, nimewahi kulala nje usiku zaidi ya 100 kwa mwaka. Tangu 2020 sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa kompyuta na tunakwenda kampuni kwa siku chache. Bado zipo, na mkeo ajue mapema.

Hii ni kazi yangu mwaka wa 19, katika jimbo moja la kati magharibi. Silitaji, na sababu utaielewa nikifika mbele. Miaka 4 ya mwanzo nilikaa dawati la malalamiko. Iliyobaki yote ni ukaguzi wa fedha.

Mwambie mama hivi. Muuza migebuka ukimpa hela anakupa migebuka, unamnusa pale pale, akiwa ameharibika unamrudisha. Mwenye bima analipa leo, miaka 10, miaka 20, na anachopewa ni karatasi. Samaki wake atamwona siku nyumba imeungua au baba wa watoto amefariki, na siku hiyo ndiyo atajua kama yule samaki aliwahi kuwepo. Sisi tumeajiriwa kwenda kunusa kabla ya siku hiyo.

Kunusa kwenyewe kuko hivi. Kila tarehe 1 Machi kampuni zote zinaleta hesabu za mwaka uliopita, kwa fomu moja nchi nzima, na baadaye za kila robo mwaka. Zinasomwa na wachambuzi, ambao ni wenzetu wa chumba cha pili. Hesabu zenyewe hazifanani na ulizosoma chuoni, na hili litakusumbua miezi ya kwanza. Uhasibu wa kawaida unaiuliza kampuni inafanyaje biashara. Wa kwetu unauliza: leo ikifungwa, kila anayedai atalipwa? Kwa hiyo meza, viti na makabati havihesabiki kuwa mali. Ada za bima ambazo wakala hajawasilisha na zimepita siku 90 tangu zilipotakiwa, nazo tunazifuta. Mjane halipwi kwa kabati.

Kisha kuna kipimo kinachoitwa RBC, yaani mtaji unaolinganishwa na hatari kampuni iliyobeba. Ikishuka chini ya asilimia 200 ya kiwango cha sheria, kampuni inatakiwa ilete mpango wa kujinasua. Chini ya 150 kamishna, yaani mkuu wa idara ya bima ya jimbo, anaikagua na kuiamuru irekebishe nini. Chini ya 100 ana ruhusa ya kuitwaa, na chini ya 70 sheria inamlazimisha aitwae. Namba hizi nne utazikariri kabla hujajua choo kiko wapi.

Wakaguzi kama mimi tunaingia ndani ya kampuni, angalau mara moja kila miaka mitano, mapema zaidi tukiwa na wasiwasi. Tunawahoji wakurugenzi, tunasoma mihutasari ya bodi, tunaangalia nani anaweza kuhamisha hela bila mtu wa pili kusaini. Halafu tunachukua sampuli. Neno utakalolitumia kuliko yote kwenye kazi hii ni "nionyeshe". Kampuni inasema ina hati fungani za dola milioni 40? Hatupokei picha ya karatasi kutoka kwa mhasibu wao. Tunaiandikia wenyewe benki inayozitunza, na jibu linakuja kwetu moja kwa moja.

Utasema huo ni ushamba wa kutoaminiana. Msome Martin Frankel. Miaka ya 1990 alijificha nyuma ya mfuko wa amana, akanunua kampuni ndogo ndogo za bima ya maisha na mazishi huko Tennessee, Mississippi, Oklahoma na jirani zake. Wateja walikuwa watu wa kipato cha chini waliokuwa wakichangia jeneza lao wenyewe. Vitabuni hela ilikuwa imewekwa kwenye hati za serikali. Kwa kweli alikuwa anazikomba, zaidi ya dola milioni 200 kwa jumla. Mwaka 1999 wasimamizi wa Mississippi walipokaza kamba wakitaka kuziona mali ziliko, akatoroka Marekani. Zimamoto walikuta makaratasi yanaungua kwenye jumba lake la Greenwich, Connecticut, na Septemba akakamatwa Hamburg, Ujerumani. Majimbo kadhaa yalikuwa yameshapitisha zile hesabu miaka na miaka. Kila nikichoka kusubiri jibu la benki, naukumbuka ule mchango wa jeneza.

Lakini wezi ni wachache. Mara nyingi kinachoiangusha kampuni ni kujidanganya. Niliwahi kukagua kampuni ndogo iliyokuwa inawauzia wenye viwanda vya mbao bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Vitabu vyake vilikuwa visafi. Nikachukua sampuli ya mafaili 60 ya madai yaliyo wazi. Kwenye moja kulikuwa na kijana aliyekatwa vidole vinne na msumeno, na akiba iliyowekwa kumlipa ilikuwa dola 4,000. Nikarudi kwenye tarehe: hiyo 4,000 iliandikwa siku faili lilipofunguliwa, kabla daktari hajamwona, na miezi 18 ilikuwa imepita hakuna aliyeigusa. Faili la pili hivyo hivyo, la tano pia. Meneja wa madai alikuwa anapewa bonasi kwa kuweka akiba chini. Tulipomwita aktuari, mtaalamu wa hesabu za bima, akapiga hesabu upya, faida ya miaka mitatu ikageuka hasara. Hakuna aliyeiba hata senti, ila hela ya yule kijana haikuwepo.

Sasa nikuambie kilicho kigumu, maana tangazo halitakuambia.

Karatasi zetu za kazi ni siri kwa sheria. Ripoti ya mwisho ya ukaguzi inachapishwa, hesabu za mwaka ziko wazi kwa anayetaka, lakini yale unayoyaona katikati huruhusiwi kumwambia mtu. Hata ile namba ya RBC kampuni haziruhusiwi kuitangaza. Kuna Ijumaa moja baada ya swala dada mmoja, nesi, mama wa watoto watatu, alinifuata. Alijua ninapofanya kazi. Akaniambia, "Da Mwanaidi, nimepata bima ya nyumba kwa bei nzuri sana, kampuni fulani, unaionaje?" Kampuni ile nilikuwa nimeilalia mezani wiki ile ile. Nilijua hali yake. Nikamjibu kwamba sishauri watu kuhusu kampuni, nikamwonyesha mahali kwenye tovuti yetu pa kusoma hesabu zilizochapishwa na idadi ya malalamiko. Akanishukuru. Nikaingia kwenye gari, nikakaa muda mrefu kabla ya kuwasha.

Kwa nini nisimnong'oneze? Kwa sababu nikimwambia yeye, atamwambia dada yake, na kwa haki kabisa. Jumatatu wateja 20 wamehama, mwezi unaofuata 2,000, na wanaohama ni wenye magari na nyumba zisizo na madai. Wanaobaki ni waliokwisha kuungua na waliovunjika, wanaosubiri kulipwa na kampuni ambayo ada haziingii tena. Kampuni ambayo ingeponeka inakufa kwa mnong'ono wangu. Ile ilipona. Kamishna aliibana, ikaongezewa mtaji, baadaye ikauzwa kwa kubwa yake, na yule nesi hakupata kujua lolote zaidi ya barua ya kubadilika jina.

Na upande wa pili wa hiyo siri naujua pia. Mjomba wangu aligongwa na basi kwenye barabara ya pwani nikiwa kidato cha tatu. Nyonga ikavunjika. Basi lilikuwa na bima, stika ilikuwepo kwenye kioo, kesi akashinda. Kabla hajalipwa, kampuni ikafungwa milango. Alikufa miaka 9 baadaye na ile hukumu iko kwenye bahasha chini ya godoro. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea magazeti, na nakumbuka alivyokuwa akiuliza: "Hakukuwa na mtu aliyejua?" Miaka mingi niliamini kwamba alikuwepo mtu aliyejua akanyamaza, na nilimchukia huyo mtu bila kumjua.

Leo mimi ndiye ninayejua na kunyamaza. Ndiyo maana kila faili ninalolipeleka juu linaandikwa tarehe: nimeona lini, nimemwambia nani, amejibu nini. Kunyamaza mbele ya watu ni wajibu. Kunyamaza mbele ya bosi wako ni kumfanyia mtu mwingine alivyofanyiwa mjomba wangu. Ukiingia, shika hilo kabla ya RBC.

Ndugu Hesabu_Haziongopi, kwa heshima, la kampuni kukuwekea kinyongo sijaliona. Zinawagombea wakaguzi wenye uzoefu, na idara nyingi tatizo lao ni kwamba vijana wakishaiva wanachukuliwa. La mshahara uko sahihi. Kijana, majimbo mengi yanachapisha mishahara ya watumishi wao mtandaoni, tazama mkaguzi wa miaka 10 analipwa nini kabla hujaamua. Kupanda kupo: kuna cheti cha AFE, kisha CFE, vya chama cha wakaguzi wa fedha wa sekta hii, na kila kimoja kinakusogeza ngazi. Idara nyingi zinakulipia mitihani.

Mtoto_wa_Ujiji

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na mke wangu. Hiyo ya faili la dola 4,000 imenigusa pabaya, maana mimi ndiye ninayeziandika hizo namba siku ya kwanza. Kuna Ijumaa jioni natia kiasi cha kawaida tu ili faili lifunguke, nikisema nitarudi.

Naomba nikuongezee swali. Kwa nini ni jimbo na si serikali kuu? Benki zina wasimamizi Washington, lakini bima naona kila jimbo na kamishna wake. Kampuni yetu inafanya kazi majimbo mengi, ina maana inakaguliwa mara nyingi hivyo?

Mama_Mwanaidi

Marahaba mwanangu. Jumatatu anza na yale mafaili ya Ijumaa.

Kukaguliwa mara nyingi hapana. Jimbo lililoisajili kampuni ndilo linaloongoza ukaguzi wa fedha, na mengine yanategemea ripoti yake, kwa sababu makamishna wote wana jumuiya yao, NAIC, tangu 1871. Ndiyo inayotunga ile fomu ya hesabu na vitabu vya ukaguzi. Wanachama ni 56: majimbo 50, Washington D.C. na himaya tano kama Puerto Rico. Jumuiya haina mamlaka juu ya kampuni, mamlaka yanabaki kwa kila jimbo. Makamishna wengi wanateuliwa na magavana, ila majimbo 11, California likiwemo, wananchi wanampigia kura.

Kuhusu Washington, asili yake ni wakala mmoja wa Virginia, Samuel Paul, aliyekuwa anauza bima za kampuni za New York bila leseni ya jimbo. Akashtakiwa, akapeleka kesi juu akidai biashara inayovuka mipaka ya majimbo ni ya serikali kuu. Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mkataba wa bima si biashara ya namna hiyo. Ikawa hivyo miaka 75. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo ikageuza kauli, majimbo yakashtuka, na mwaka 1945 Bunge likapitisha sheria ya McCarran-Ferguson: bima ibaki kwa majimbo. Ndiyo inayotuweka kazini mpaka leo.

Lakini ukiniuliza kazi hii ilianzia wapi, nitakutajia mtu, Elizur Wright wa Massachusetts. Alikuwa mwanahisabati, na kabla ya bima alikuwa mpiganaji wa kukomesha utumwa. Mwaka 1844 akiwa London alikwenda kwenye soko la Royal Exchange, akakuta wazee wasioweza tena kulipa ada wananadi bima zao za maisha. Wanunuzi wanamtazama mzee, wanakisia amebakiza miaka mingapi, wanataja bei. Akifa mapema, aliyenunua anapata faida. Wright aliona mnada wa watumwa. Aliporudi akapiga meza za hesabu za akiba kwa mkono, na kuanzia 1858 akawa kamishna wa jimbo lake. Kwa msukumo wake Massachusetts ikazilazimisha kampuni kuweka akiba ya kutosha, na mwaka 1861 ikapiga marufuku kumnyang'anya kila kitu mtu aliyelipa miaka mingi akakosa ada moja. Sisi watu wa pwani tuliozaliwa karibu na masoko yale, na nyie wa Ujiji ambako misafara ilianzia, hatuhitaji kuelezwa alichokiona.

Babu_Kisutu

Wanangu, naandika kutoka Dar es Salaam. Nimestaafu kwenye madai ya bima, miaka 31. Nimefurahi kusoma maneno haya kwa lugha yetu.

Huku kwetu mambo hayakugawanyika hivyo. Kamishna wa Bima ni mmoja kwa Muungano mzima, Bara na Zanzibar, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nilipoanza kazi, Bara hapakuwa na cha kusimamia sana, maana tangu 1967 mwenye bima alikuwa mmoja tu, Shirika la Bima la Taifa. Soko lilifunguliwa kwa sheria ya 1996, kampuni binafsi zikaingia, ndipo msimamizi akawa na kazi. Na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima ambaye mwananchi anaweza kumfikia bila wakili, jambo ambalo wengi mpaka leo hawalijui.

Hilo la akiba ya madai binti yangu umelisema vizuri sana. Mimi niliwafundisha vijana kwamba faili la madai linasomwa upya kila kinapoingia cheti cha daktari. Kila kimoja, hata kiwe cha nusu ukurasa.

Mama_wa_Mapacha_Dayton

Samahani kuingilia. Mimi ni Mrundi, niko Dayton. Mume wangu kafanyiwa upasuaji wa mgongo na bima ya afya ya kazini kwake imekataa kulipa. Nimesoma hapa kwamba jimbo lina dawati la malalamiko. Nikilalamika huko watawalazimisha?

Mama_Mwanaidi

Pole sana dada, na shemeji apone haraka. Babu, shikamoo, ahsante.

Dada, kabla hujaandika chochote, mwambie mumeo aende ofisi ya rasilimali watu pale kazini aulize swali moja: mpango wetu wa afya, anayebeba gharama ni kampuni ya bima au ni mwajiri mwenyewe? Kadi haikuambii ukweli. Jina la kampuni kubwa ya bima linaweza kuwa limeandikwa pale juu, kumbe kampuni ile inashughulikia makaratasi tu na hela ni ya mwajiri. Waajiri wakubwa wengi wako hivyo.

Ikiwa ni kampuni ya bima, lalamika kwa jimbo, ni bure, hauhitaji wakili, na kampuni inalazimika kujibu kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa. Ikiwa ni mwajiri wa kampuni binafsi, jimbo halina nguvu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974, ERISA, imeiondoa mipango hiyo mikononi mwetu, na anayesaidia hapo ni Wizara ya Kazi ya Marekani. Nilipokuwa dawati la malalamiko, simu zilizoniumiza zaidi zilikuwa hizi. Mtu ameshasubiri wiki mbili, ameeleza kila kitu, halafu namwambia huu si mlango wake.

Kwa vyovyote itakavyokuwa, barua ya kukataliwa usiitupe. Kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa kwao wenyewe. Wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, kwa kawaida una angalau miezi minne ya kuomba mganga wa nje, asiye wao, alipitie. Tarehe ziko kwenye hizo barua, za mwisho mwisho kwa maandishi madogo. Wewe hesabu leo. Na mwombe daktari aliyempasua aandike kwa nini upasuaji ulikuwa hauepukiki, kwa maneno yake, asijaze fomu tu. Ukikwama niandikie.

Mama_wa_Mapacha_Dayton

Mungu akubariki. Nimepiga hesabu, bado tuna siku 141. Kesho anauliza.

Hesabu_Haziongopi

Mama, nimekuelewa na la kinyongo nalifuta. Nina moja: hizo kampuni zikianguka kweli, mwenye bima anaachwa kama mjomba wako?

Mama_Mwanaidi

Hapana, na hili ndilo ningependa kila nchi iwe nalo. Mahakama ikiamuru kampuni ifilisiwe, kila jimbo lina mfuko wa dhamana. Kampuni zilizobaki zinachangishwa kulipa madai ya iliyokufa. Majimbo mengi kikomo chake ni dola 300,000 kwa dai la nyumba au gari, na kwa fidia ya kifo kwenye bima ya maisha vivyo hivyo. Madai ya wafanyakazi walioumia kazini kwa kawaida yanalipwa yote. Aliye na hasara ya 500,000 anaumia, na kungoja kupo. Kimbunga Andrew kilipopiga Florida Agosti 1992 kampuni zisizopungua 11 zilikwisha, na michango ya kawaida haikutosha. Na wakala haruhusiwi kukuuzia bima kwa kukuambia "usijali, mfuko upo".

Mjomba angelipwa. Huwa nalifikiria hilo nikisaini fomu za mfuko.

Mtoto_wa_Ujiji

Nimeomba. Wamenijibu jana, usaili ni Alhamisi saa nne asubuhi. Mke wangu amekubali safari, kwa sharti niwe nyumbani Ijumaa jioni. Mama naye nimempa habari ya migebuka, akasema hapo ameelewa, na kwamba niwe mwangalifu nisije nikapokea samaki wa bure. Nijiandae na nini?

Mama_Mwanaidi

Mama yako anafaa kuwa kamishna. Kwenye hizi idara hupokei hata chakula cha mchana kutoka kwa unayemkagua, tunabeba vyetu.

Watakuwa na wahitimu wa uhasibu kumi wanaojua vitabu kuliko wewe. Usishindane nao huko. Waambie unavyofungua faili. Chukua dai moja, bila jina la mtu wala kampuni, eleza siku ya kwanza uliandika dola ngapi, kwa sababu gani, lini uliibadilisha na nini kilikufanya uibadilishe. Namba hiyo ndiyo tunayoifuata kutoka mezani kwako hadi kwenye mizania, na wengi wa wasaili watakuwa hawajawahi kukaa na mtu anayeiandika. Waambie na zile za Ijumaa jioni pia, na ulichofanya Jumatatu.

Waambie mapema kwamba unatoka kwenye kampuni ya bima, na kama una hisa zake hata kidogo, sema. Wakikuajiri watakutaka uziuze, na kampuni yako ya zamani hutaikagua kwa muda. Shahada yako ni ya hapa kwa hiyo hutasumbuliwa na tathmini ya vyeti. Kama kibali chako cha kazi kinaisha hivi karibuni, uliza kabla ya usaili, maana idara nyingi hazidhamini viza.

Vaa koti, vyumba vyao vya mikutano vina baridi mwaka mzima. Alhamisi jioni niandikie wamekuuliza nini.